Gari Jekundu na Mlio Ambao Sikuusikia

Vijana wa gereji, kila mnaponikuta nimekaa mlangoni pangu hapa Buyenzi mnaniletea swali lile lile. Mnataka kujua kama kuikamua injini ya gari la spoti kila siku, mshale wa mizunguko ukipanda hadi karibu na mstari mwekundu, kunaiua injini. Mmoja anasema inakufa mapema, mwingine anasema gari lenyewe lilitengenezwa kwa kazi hiyo, kisha mnanigeukia mimi kwa sababu nina mvi na nilishika spana miaka thelathini na minane.

Jibu ninalo. Lakini jibu langu lina mtu ndani yake, na mtu huyo nilimwonea wivu kiasi kwamba hata leo nikilitaja jina lake hujikuta nimekaza taya. Mkilitaka jibu, itabidi mnivumilie na hayo mengine.

Niliacha shule darasa la nne. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla mwaka haujaisha, nikabaki na wadogo watatu: Zaina, na wavulana wawili waliomfuata. Mjomba alitaka wagawanywe kwa ndugu, mmoja huku, mwingine kule. Nikakataa. Nilikuwa na miaka kumi na minne na sikuwa na hoja yoyote ila hiyo ya kukataa. Mjomba akatupa chumba kimoja nyuma ya nyumba yake, akasema tutaona utafika wapi. Wiki iliyofuata nilikuwa naosha vyuma kwa petroli katika gereji moja upande wa Jabe. Mji huu wa Bujumbura ulikuwa bado unaitwa Usumbura.

Msimamizi wa gereji alikuwa Mzee Ferdina, mtu wa Baraka, ng'ambo ya ziwa. Mfupi, mpole wa sauti, na mfukoni hakukosa kitambaa cheupe. Sisi tulimwita Shefu. Yeye ndiye aliyenifundisha kuweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye ubavu wa injini na mpini wake kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, ili kila chuma kinachotembea ndani kikusemeshe. Alinifundisha kusugua tone la oil kati ya vidole viwili na kulinusa. Mkono wangu ulijifunza pole pole, lakini ulichojifunza haukukisahau.

Kosa langu la kwanza kubwa nililifanya mwaka wa tatu. Nilifunga injini ya lori lililokuwa likileta ndagala, dagaa wa ziwani, kutoka Rumonge, nikasahau kitambaa cha kufutia mikono ndani ya bomba la hewa. Lori likafika kwenye mteremko wa Musaga, likakohoa, likafa. Dereva akarudi kwa miguu, shati limelowa. Shefu hakumkaripia mtu. Aliuliza tu, "Nani amefunga?"

"Mimi, Shefu."

"Basi we ndio utafungua."

Akatandika shuka jeupe juu ya meza, akawaita mafundi wote na yule dereva wasimame kuzunguka. Nikafungua, kipande kwa kipande, kila kimoja nikikilaza kwenye shuka kwa mpangilio wake. Nilipokivuta kile kitambaa, nusu yake imetafunwa, dereva alikitazama sana.

"Hii ni ndagala ya wapi?" akauliza.

Mwezi mzima niliitwa Ndagala. Lakini hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya gereji yetu, na sijaiona kwingine. Aliyefunga injini ndiye anayeifungua. Na mtu akisema mwenzake ameharibu injini, huyo msemaji ndiye anayeifungua kwa mikono yake, kwenye shuka jeupe, mbele ya mwenye gari na mbele ya anayelaumiwa. Anayelaumiwa husimama upande wa pili wa meza, mikono nyuma, na hasemi neno mpaka mfunguaji amesema. "Acheni vyuma viongee kwanza," Shefu alikuwa akisema.

Sasa gari. Lilikuwa la daktari wa meno, Mgiriki aliyekaa Gihosha, juu kwenye mlima. La viti viwili, jekundu, lenye hema la kukunja, na lilikuwa chini sana. Mtu akitaka kuingia ilibidi ajikunje kama anayeingia kwenye kibanda cha kuku. Miaka ile ya mwanzo ya uhuru Wazungu wengi waliuza magari yao wakaondoka. Huyu alibaki. Ndani ya gari, kando ya saa ya mwendo, kulikuwa na saa ya pili inayohesabu mizunguko ya injini, na mwisho wake mstari mwekundu. Mjini hapakuwa na gari jingine la namna ile.

Kila fundi kwetu alikuwa na msumari wake ukutani, na hapo zilitundikwa funguo za magari aliyokabidhiwa. Ufunguo wa gari jekundu ulikuwa kwenye msumari wa Shefu mwenyewe. Nilikuwa nimeungoja ufunguo ule miaka minane. Shefu alikwisha kutuambia kwamba kiangazi kikiisha atarudi kwao Baraka na kumwachia mmoja wetu kazi yake, pamoja na nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya gereji. Mjomba wakati huo alikuwa ameanza tena maneno yake ya kuwagawa watoto, maana chumba chake alikitaka. Mimi kila nilipopita kwenye nyumba ile nilikuwa nawapanga wadogo zangu ndani yake: Zaina huku na vitabu vyake, wavulana kule.

Ndipo akaja Gasto.

Alitoka Uvira pamoja na watu waliovuka mpaka wakati wa vurugu za Kongo. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka mitatu, mwembamba, shati lake siku zote limechomekwa, na alikuwa akiimba akifanya kazi. Alikuwa amesoma miaka miwili katika shule ya ufundi ya mapadri. Shefu akampima kwa kabureta ya gari jekundu, iliyofunguliwa yote na kutiwa kwenye beseni kama mboga. Gasto aliifunga huku akiimba, na wimbo ulipoisha, kabureta ilikuwa imekwisha. Jioni ile Shefu akauondoa ufunguo kwenye msumari wake, akautundika kwenye msumari wa Gasto.

Nilikwenda nyumbani, nikala, nikalala nikiwa nimeutazama ukuta.

Kila alipomaliza kulihudumia gari lile, Gasto alilijaribu kwenye barabara iliyonyooka ya kwenda Gatumba, kisha akarudi mjini kupitia barabara ya nyumbani kwetu. Mlio wake ulikuwa unasikika mbali. Ulianza chini, ukapanda, ukapanda tena, hadi unajiuliza kama kuna mahali pengine pa kupanda, na hapo unasikia gia nyingine na mlio unaanza upya. Siku moja nilikuwa nyumbani na homa, nikaona kinachotokea. Wadogo zangu wawili waliusikia kabla yangu. Waliacha chakula, wakakimbilia barabarani, wakaruka ruka wakipiga kelele: "Gasto, Gasto." Naye akawapungia mkono.

Mimi ndiye niliyewanunulia viatu walivyokimbia navyo.

Nikaanza kumchokoza kazini, wakati wa kula.

"Gasto, we unaivunja ile moteri."

"Apana, mukubwa. Moteri ile ilizaliwa kwa kukimbia. Inaogopa baridi tu."

"Baridi? Bujumbura kuko baridi?"

Wenzetu wakacheka, naye akacheka, na hilo pia liliniudhi. Mtu ukimchokoza unataka akasirike.

"Baridi ya oil, si ya mutu," akasema. "Asubuhi oil inakuwaka nzito kama asali. Ukipandisha mushale saa ile, chuma inasugua chuma. Lakini ukingojea oil ipate moto, kisha upandishe, ushushe, upandishe, haina shida. Inajisafisha. Kitabu kinasema vile vile."

"Kitabu gani?"

"Kitabu ya gari. Iko mule ndani, chini ya kiti. We soma mwenyewe."

We soma mwenyewe. Sidhani alikusudia kuniumiza. Hakujua kwamba Kifaransa changu kiliishia kwenye kuhesabu na kusalimia. Wengine walijua, wakainamia sahani zao.

Baada ya hapo nilikuwa namtazama kama mtu anayengoja kikombe kianguke. Na kusema kweli, vijana, sikupata kitu. Kila asubuhi gari lilipokuwa gereji aliliwasha, akaliacha lipumue, akaondoka nalo taratibu kama aliyebeba mayai. Akirudi hakulizima papo hapo, aliliacha lingurume kidogo lipoe. Oil aliipima kila mara, gari likiwa kwenye sakafu iliyo sawa. Nilikuwa namwona akifanya yote hayo, na kila nilipomwona nilizidi kumchukia.

Daktari alikuja kuchukua gari lake siku moja Gasto akiwa ametumwa sokoni kununua mipira ya breki. Injini ilikuwa inanguruma.

"Ramazani, gari iko muzuri?" akaniuliza. Kiswahili chake kilikuwa cha mjini kabisa.

Nikachukua bisibisi ndefu. Nikaiweka kwenye ubavu wa injini, nikainama, nikasikiliza. Nilichosikia kilikuwa laini kama cherehani mpya. Nikainuka pole pole, nikatikisa kichwa.

"Daktari," nikasema, "kusine zimeanza kugonga. Gasto anakamua sana. Anafikisha mushale mwisho."

Kusine ndivyo tulivyoviita vile vipande vya chuma laini vinavyoikumbatia shafti ili izunguke ndani ya oil. Zikilika, injini hugonga kwa sauti nzito, kama mtu anayebisha mlango kwa kifundo cha kidole, na ukichelewa shafti nayo huharibika. Daktari hakuuliza jinsi nilivyojua.

"We ukisema, ni kweli," akasema. "We si mutu wa maneno."

Sifa hiyo niliijenga miaka minane. Niliimaliza yote pale, kwa sentensi moja.

Daktari akamwambia Shefu hataki gari lifunguliwe bado, abadilishe fundi tu. Kesho yake ufunguo ulikuwa kwenye msumari wangu, na Gasto alikuwa chini ya malori akipaka grisi. Aliniuliza mara moja tu.

"Mukubwa, ulisikia kweli?"

"Nilisikia."

"Mi sikusikia."

"Labda masikio yako yamezibwa na nyimbo."

Akarudi chini ya lori. Hakuimba tena wiki ile, wala iliyofuata.

Nililichukua gari kulijaribu kwa mara ya kwanza nikiwa nimevaa shati safi. Nikapita kwetu taratibu, mshale ukiwa chini, nikitazama upande wa nyumba. Hakutoka mtu. Jioni nikamuuliza Zaina kama hawakuniona.

"Ulipita, kaka?" akasema. "Hatukusikia kitu."

Kwa miezi mitatu nililitunza gari lile kama mgonjwa. Nilimwambia daktari asivuke mizunguko elfu tatu, aingize gia ya nne mapema, na mlima wa Gihosha aupande na gia hiyo hiyo ya nne, pole pole, injini isilie. Alinitii kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kuwaambia watu watii. Na gari likaanza kununa. Asubuhi lilikataa kushika. Njiani lilikohoa. Nikatoa bugi, yaani plagi, nikazikuta nyeusi tii.

Hapa nawaomba msikilize kama mafundi. Plagi ni ulimi wa injini. Ikiwa na rangi ya hudhurungi kama biskuti, kuna afya. Ikiwa nyeupe kama chaki, kuna joto la kupita kiasi. Ikiwa nyeusi na ya unga unga, injini inavuta petroli isiyoichoma yote, na mara nyingi ni kwa sababu haipati nafasi ya kukimbia. Nilijua hayo yote. Nilizisugua zile bugi kwa brashi ya waya nyuma ya gereji ambapo hakuna mtu anayepita, nikazirudisha. Wiki mbili baadaye zilikuwa nyeusi tena, nikarudi nyuma ya gereji.

Kisha ukaja mlio. Daktari alikuwa wa kwanza kuusikia, akipanda Gihosha kwa gia ya nne kama nilivyomwagiza: kelele nyembamba, ya haraka haraka, kama punje za mahindi zinazomwagwa kwenye sahani ya bati. Huo si mlio wa kusine. Ni petroli inayowaka kabla ya wakati wake, kwa sababu masizi yamejaa ndani na injini inalazimishwa kuvuta mzigo bila mizunguko. Fundi wa mwaka wa pili anaujua. Niliujua mara tu aliponiigizia kwa mdomo, na bado nikajiambia kwamba labda ni kusine.

Alikuja Jumamosi asubuhi, amekasirika.

"Shefu, ule mulio Ramazani alisema, sasa hata mi nausikia," akamwambia Mzee Ferdina. "Yule kijana wa Uvira ameniharibia moteri. Sitaki kumuona hapa tena."

Karatasi ya Gasto ya kukaa mjini ilitegemea kazi ile. Akifukuzwa gereji, ni kuvuka mpaka kurudi kule alikokimbia. Kila mtu alilijua hilo, na yeye alikuwa amesimama pale pale, grisi hadi viwikoni.

Shefu alifuta mikono kwa kitambaa chake. "Kwanza tutafungua," akasema. "Siku ya kwanza. Ramazani ndio amesema, Ramazani ndio atafungua."

Siku ya kwanza ni Jumatatu. Nilikuwa na Jumapili nzima ya kujiandaa. Nilifikiri kwamba kama nitasema mbele ya watu, bora niwe na kitabu upande wangu, nikakichukua kile kitabu cha gari chini ya kiti, nikaenda nacho nyumbani. Zaina alikuwa na miaka kumi na minne, darasa la juu kwa masista, na Kifaransa chake kilikuwa kinatiririka. Baada ya chakula cha mchana nikampa.

"Tafuta palipoandikwa habari ya kukimbiza moteri."

Akafungua, akapitisha kidole, akafungua tena. Kisha akawa anasoma na kunigeuzia.

"Inasema usipandishe mizunguko kama oil bado baridi. Ungojee. Si maji peke yake, oil pia." Akaruka mstari. "Inasema moteri ikisha pata moto, ni vizuri kuipandisha mara kwa mara mpaka karibu na mustari mwekundu, ili isafike ndani. Usiuvuke mustari, na usishushe gia kwa haraka ukiwa mbio, maana hapo utauvuka bila kujua. Na usipande mulima na gia kubwa moteri ikilalamika. Hiyo ndiyo inachosha kusine."

"Rudia hapo mwisho."

Akarudia. Ya mwanzo yalikuwa neno kwa neno maneno ya Gasto, na hilo la mwisho lilikatazwa kile kile nilichomwagiza daktari.

"Kaka, kuna mutu alisema vingine?"

"Mutu mumoja kazini."

"Basi muniletee huyo," akasema Zaina akifunga kitabu, "nimusomee."

Nilimlipia Zaina shule kwa mikono hii ili awe na kitu ambacho mimi sikuwa nacho. Siku ile kilinirudia usoni, naye hakujua.

Jumatatu shuka lilikuwa limetandikwa kabla sijafika. Shefu, daktari, mafundi sita kuzunguka meza. Gasto upande wa pili, mikono nyuma. Nikafungua kichwa cha injini, nikafungua sinia la oil chini, nikatoa pistoni moja moja na kusine zake, nikazilaza kwa mpangilio, ya kwanza hadi ya nne. Ilinichukua hadi karibu na adhuhuri na hakuna aliyeondoka.

Vichwa vya pistoni vilikuwa na masizi mazito kama chungu cha kupikia kwenye kuni. Lakini kusine zilikuwa safi. Za kijivu, zimefifia sawasawa, kama zilivyo za injini iliyotunzwa. Mbio zote za Gasto kwenye barabara ya Gatumba hazikuacha alama.

Isipokuwa moja. Kwenye kusine ya tatu kulikuwa na mkwaruzo mwembamba kama unywele. Punje ya mchanga, si zaidi, huenda ilikuwepo tangu gari linanunuliwa. Fundi yeyote angejua kuwa si kitu. Lakini daktari hakuwa fundi. Ningeuelekeza kidole tu, ningesema, "Hapa, Daktari," na jambo lingekwisha, na nyumba ya vyumba viwili ingekuwa yangu. Nikainua macho nikakuta Gasto naye anautazama ule mkwaruzo. Halafu akanitazama mimi. Sheria haikumruhusu kusema, naye hakusema.

Daktari akavaa miwani yake ya kazi, akainama juu ya pistoni.

"Haya ni meno yaliyooza," akasema. "Nani ameyaozesha?"

Shefu alikuwa amekishika kitambaa chake kwa mikono miwili.

"Ni mimi," nikasema.

Nikaeleza. Nilieleza elfu tatu, gia ya nne, mlima, bugi nilizosugua nyuma ya gereji. Daktari alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza lile nililoliogopa. "Na mulio wa kwanza? Ule uliniambia siku ile?"

"Sikuusikia."

Shefu akaniangalia kwa muda, si kwa hasira, kama mtu anayesoma namba iliyofutika kwenye chuma.

"Sawa," akasema. "Vyuma vimeongea, na mutu ameongea. Sasa musugue masizi hayo, gari ifungwe."

Jioni ile ufunguo ulirudi kwenye msumari wa Gasto. Kiangazi kilipoisha Shefu alivuka ziwa, na Gasto akawa shefu wetu, na nyumba ikawa yake. Hakuwa na mke wala mtoto, akaniambia chumba kimoja hakimfai kitu, niwalete wadogo zangu. Nikakataa. Kukataa ndiko nilikojua. Zaina hakuniuliza, alifunga magodoro kwa kamba, akawabebesha wavulana, nikawakuta wamekwisha kuhamia. Tulikaa pale miaka sita, na kwa miaka sita nilikuwa namsikia Gasto akiimba upande wa pili wa ukuta, na sikuwahi kuzoea.

Kwa hiyo jibu lenu ni hili. Mizunguko mingi peke yake haiiui injini ya gari la spoti, kama oil ipo, ni safi na imepata moto, na kama huvuki mstari. Inayoiua ni haraka ya asubuhi. Inayoiua ni oil iliyopungua na mtu mvivu wa kuipima, na gia inayoshushwa kwa kiherehere. Na hata ule upole wangu, kuiburuza mlimani kwa gia kubwa mpaka ikajaa masizi, ulikuwa unaiua. Injini ya mbio mara moja moja ipewe mbio zake.

Ila bado sijawaambia ya Jumamosi ya wiki ile ile niliyoifungua injini. Gari lilikuwa limefungwa tangu Jumatano, kwa mikono yangu, na bolti za kichwa nilikuwa nimezikaza mara ya pili. Gasto akauondoa ufunguo kwenye msumari wake, akanipa.

"We ulifunga, we ndio utaijaribu," akasema. "Ngojea oil, mukubwa."

Nikangoja. Nililipeleka taratibu mpaka nje ya mji, na kwenye barabara ya Gatumba nikaingiza gia ya tatu, nikakanyaga. Mshale ukapita elfu tatu, mahali ambapo sikuwahi kuupeleka. Moshi mweusi ukatoka nyuma, kisha ukakatika, na injini ikafunguka kama mtu aliyepona mafua. Mlio ukapanda, ukapanda tena. Kutoka ndani ulikuwa tofauti kabisa na nilivyousikia barabarani. Uliingia kwenye mifupa. Ndipo nikaelewa kwamba miezi yote ile Gasto alikuwa akiupata mlio huu kila wiki, na wivu ukaniwaka upya kuliko mwanzo.

Nikarudi kupitia kwetu. Wadogo zangu wawili walikuwa tayari barabarani, wanaruka ruka. Jua lilikuwa linapiga kwenye kioo cha mbele, nami nilikuwa chini mle ndani. "Gasto, Gasto," walikuwa wakiita. Nikawapungia mkono.

Jioni tulipokuwa tunakula maharagwe, mdogo kabisa akanigeukia, uso wote unang'aa.

"Kaka, leo Gasto amepita tena. Alikimbiza kuliko siku zote."

"Ni mimi," nikasema. Ilikuwa mara ya pili kulisema neno hilo wiki ile.

Akacheka mpaka akaweka sahani chini.

"Kaka," akasema, "uache uongo."